Unanunua Nguvu au Unanunua Mlio?

Leo tunaziweka pembeni habari za wakwe na michango ya harusi, tunafungua boneti. Ndiyo, boneti ya gari. Na wewe dada usiruke ukurasa, maana barua iliyotufikisha huku imeandikwa na mwanamke mwenzio, na kinachobishaniwa ndani yake ni hela ya watu wawili.

Mwandishi wa barua ni wakala wa forodha pale Horohoro, mpakani na Lunga Lunga ya Kenya. Mumewe ana kazi Tanga mjini, na nyumbani kwao ni huko huko Tanga. Wana gari moja tu, Toyota Altezza. Siku za kazi analo yeye kwenda mpakani, wikiendi linakuwa la bwana. Wanajenga. Kuta zimesimama, sasa wanadunduliza hela ya mabati.

“Mume wangu amekuja na fundi, rafiki yake,” anaandika. “Fundi ananiambia, ‘Shemeji, hii gari inakosa hewa. Tunatoa hili boksi la plastiki, tunaweka filta ya koni na bomba la alumini. Utaona itakavyochanganya, na mafuta yenyewe itakunywa kidogo.’ Bei laki nne na nusu pamoja na ufundi, na hela itoke kwenye ile ya mabati. Nikiuliza swali naambiwa mimi magari siyajui. Nisaidieni, ni kweli au napigwa changa la macho?”

Dada yangu, swali lako ni zuri kuliko majibu uliyopewa. Wapo wanandoa wengi ambao gari ndiyo mali ya kwanza kubwa kuinunua pamoja, kabla hata ya kiwanja. Kila anachofanyiwa mchuma huo kinagusa mifuko miwili. Kwa hiyo twende taratibu, tena kwa lugha ambayo hata asiyejua plagi inakaa wapi ataielewa.

Injini inakula nini?

Ukiuliza gari linakula nini, kila mtu atakujibu mafuta. Lakini kwa uzito, chakula kikubwa cha injini ni hewa. Injini ya petroli inachoma vizuri ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Ukiigeuza hesabu hiyo iwe ya lita, lita moja ya petroli inahitaji karibu lita 9,000 za hewa. Unayajua yale matangi ya plastiki ya lita 1,000 tunayohifadhia maji? Matangi tisa ya hewa, kwa lita moja tu ya mafuta.

Sasa tupige hesabu ya safari ya dada yetu. Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65, kwenda na kurudi 130. Tuseme gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Hizo ni lita 13 za petroli, na hewa ya kujaza matangi kama 117 hivi, kwa siku moja ya kazi. Hewa yote hiyo inapita kwenye ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi jeusi, ambayo mtaani tunaiita ea klina.

Hewa hiyo inatakiwa iwe na sifa tatu. Ya kwanza, iwe baridi, kwa sababu hewa ya baridi imeshikana na ya moto imetawanyika. Ya pili, iwe safi, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye silinda unakwangua. Ya tatu, iwe imepimwa. Magari mengi ya siku hizi yana sensa kwenye bomba, mara baada ya boksi la ea klina. Sensa hiyo inaiambia kompyuta ya injini ni hewa kiasi gani imepita, na kompyuta inaamua imwage petroli kiasi gani.

Shika hizo tatu: baridi, safi, iliyopimwa. Mtu yeyote akitaka kukuuzia kitu cha upande wa hewa, kipime kwa hizo.

Ahadi ya fundi tuipime

Fundi ameahidi mambo mawili kwa mpigo: gari litachanganya zaidi, na litakunywa mafuta kidogo. Ahadi hii inatakiwa ikushtue kidogo. Ukiongeza hewa, kompyuta inaongeza na petroli ili uwiano usiharibike. Nguvu ya ziada inatoka kwenye mafuta ya ziada.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ukiwa unakwenda mwendo wa kawaida barabarani, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini unakuwa umefunguka kidogo tu. Unaufungua wewe mwenyewe kwa kukanyaga mafuta. Kwa hiyo wakati huo anayeibana hewa si filta, ni mguu wako. Filta inaanza kuwa na sauti pale unapokanyaga mpaka chini, kwenye kupandisha mlima au kulipita lori.

Jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa matokeo ya majaribio ya magari yenye filta zilizoziba. Kwenye magari ya petroli yanayoongozwa na kompyuta, kubadilisha filta iliyoziba hakukupunguza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichobadilika ni kuchanganya: muda wa kuongeza mwendo ulipungua kwa takriban asilimia 6 hadi 11. Kwenye magari ya zamani ya kabureta ndiko mafuta yaliguswa, kwa asilimia 2 hadi 6.

Umeona hapo? Faida hiyo ilipatikana kwa kutoa filta chafu na kuweka safi. Haihitaji koni wala bomba la alumini. Kama gari la dada yetu limekuwa zito, inawezekana kabisa dawa yake ni ea klina mpya ya karatasi, ile ile ya kiwandani.

Baada ya hapo koni inabakiwa na nini cha kuongeza? Kwa injini ya kawaida isiyo na tabo, ambayo haijaguswa kitu kingine, ni hosipawa chache tu, tena kama bomba limefungwa vizuri na linavuta hewa ya baridi. Likifungwa vibaya, unapoteza.

Joto la foleni

Fungua boneti ya gari ambalo halijachezewa. Utaona boksi la ea klina lina mdomo wa plastiki unaokwenda mbele, juu ya redieta au nyuma ya taa kubwa. Waliolichora gari waliupeleka pale makusudi, ili uvute hewa ya nje badala ya hewa iliyopikwa na injini. Maana yake magari mengi yametoka kiwandani tayari yana bomba la hewa baridi. Ni vile tu haling'ai.

Sasa toa boksi lote, weka koni ya wazi pale pale katikati ya joto. Chukua siku ya Februari pale Horohoro. Gari liko kwenye foleni, injini inanguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, upepo wa mbele hakuna. Nje ni nyuzi joto 30, na tuseme ndani ya boneti zimefika 60. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, hewa ya nyuzi 60 inabeba karibu asilimia 9 pungufu ya hewa ya nyuzi 30 kwa ujazo ule ule. Umelipa laki nne na nusu, na ukiondoka pale na kukanyaga mafuta, injini inakula hewa nyepesi kuliko ya boksi la zamani. Ukishakwenda mwendo, upepo unapunguza hilo joto, lakini hauliondoi lote.

Na kusema kweli, kwa upande wa hewa, watu wa pwani mmependelewa. Tanga na Horohoro ziko jirani na usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nzito na injini inashiba. Gari hilo hilo ukilipandisha Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, hewa inapungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, na gari lisilo na tabo utalisikia linavyolalamika. Hakuna koni itakayokurudishia hiyo.

Maadui wawili wa pwani

Adui wa kwanza ni vumbi. Kwa barabara ya Horohoro yenyewe, mambo si kama zamani. Wanaoijua kabla ya lami wanakumbuka gari lilivyokuwa likifika mpakani limebadilika rangi. Lami ya hizo kilomita 65 ilijengwa chini ya mkataba wa msaada wa Marekani wa MCC, uliotiwa saini mwaka 2008 na kufikia mwisho mwaka 2013. Leo anayekwenda kazini kila siku anatembea juu ya lami. Lakini wikiendi ikifika, bwana akikata kwenda shambani au kumsalimia mama kijijini, amerudi kwenye udongo, nyuma ya pikipiki na malori yanayotimua.

Vumbi la udongo wetu limejaa chembe za mchanga mgumu kuliko chuma cha silinda. Zile ndogo kabisa, ambazo huzioni kwa macho, ndizo zinazopenya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda na kusaga taratibu. Dalili yake haiji kesho. Inakuja baada ya miezi au miaka: gari linaanza kula oili, linatoa moshi wa bluu, nguvu zinapungua, halafu unaambiwa injini ishushwe. Hapo mabati yote yanakwenda gereji.

Filta nzuri ya karatasi inakamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi linaloifikia. Koni nzuri ya pamba yenye oili kutoka kampuni inayojulikana nayo inachuja vizuri ikitunzwa. Tatizo ni kwamba madukani zimejaa koni za bei rahisi zenye rangi nzuri, na mnunuzi hana namna ya kujua zinachuja kiasi gani. Zile za oili zina masharti yake pia. Zinaoshwa kwa dawa yake na kupakwa oili yake kwa kipimo. Ukizidisha, oili inavutwa mpaka kwenye sensa ya hewa, sensa inachafuka, kompyuta inapewa hesabu ya uongo, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Adui wa pili ni maji. Yapo mabomba marefu yanayoteremka mpaka nyuma ya bampa, karibu na ardhi, ili kufuata hewa ya baridi. Kwenye nchi kavu sawa. Lakini sisi tuna masika ya Machi hadi Mei, na vuli juu yake. Mwaka 2024 wote tuliona mvua za masika zilivyofurika barabara sehemu nyingi za Tanzania na Kenya. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda na kukuta kitu kisichobanika. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Kinachopinda ni konrodi, na inachukua sekunde moja tu.

Mbona magari ya rali yanabadilishwa?

Najua kuna kaka ameshakunja uso hapo. Anasema, mbona Safari Rally wanabadilisha? Kweli, wanabadilisha, na kuna la kujifunza.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa kwenye ubingwa wa dunia tangu 1973 hadi 2002, yakarudi tena mwaka 2021 pale Naivasha. Kwa miaka mingi magari yanayokuja Safari yamefungwa bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Wengine wanaliita snokeli. Kazi yake ni kuvuta hewa ya juu, ambako vumbi ni kidogo na maji hayafiki. Kwa maneno mengine, watu wenye bajeti ya kupita kiasi, waliokuja kushindana kwa sekunde, wakifika kwenye udongo wetu wanafikiria kwanza hewa safi.

Matrekta ya shambani nayo yanafuata akili hiyo hiyo. Utaona mengi yana bomba lililosimama juu, lenye kofia au bakuli la kutangulia kukamata vumbi zito kabla halijafika kwenye filta. Massey Ferguson za zamani zilikuwa na ea klina ya bakuli la oili, hewa inapita inaacha vumbi humo. Hakuna aliyefunga vile ili trekta lipendeze.

Kwa hiyo kama una Land Cruiser au Land Rover, na kazi yako ni vijijini kwenye vumbi na mito, snokeli ni hela yenye maana. Ila hakikisha imezibwa vizuri kila maungio, kuanzia juu mpaka kwenye boksi. Snokeli ya urembo, ambayo chini imeachwa tundu, itavuta maji kama kawaida. Na hata ikizibwa, haiigeuzi gari kuwa boti.

Na wewe mwenye Subaru ya tabo, kwako mambo ni tofauti kidogo. Injini ya tabo inasukumiwa hewa kwa nguvu, kwa hiyo njia pana ya hewa inaweza kuleta faida ya kueleweka. Lakini faida hiyo inakuja pale bomba, ekzosi na kompyuta vinaporekebishwa kwa pamoja na mtu anayejua kupima uwiano wa hewa na mafuta. Kubadilisha kimoja na kuomba Mungu si ufundi.

Kabla ya kutoa hela, fungueni boksi

Haya yafanyeni nyumbani, wawili, Jumamosi asubuhi injini ikiwa baridi. Hayazidi nusu saa.

Kwanza, itoeni ea klina na kuielekeza kwenye mwanga. Mkiona mwanga unapita sawasawa na karatasi haijachanika, bado nzima. Ikiwa nyeusi, imelowa oili au ina tundu hata dogo, nunueni mpya ya saizi yake. Mpira wa pembeni uwe laini na ukae vizuri kwenye boksi.

Pili, ogopeni kompresa. Mtindo wa kila gereji ni kuipiga ea klina upepo mkali kutoka nje kwenda ndani. Vumbi linasukumwa ndani zaidi na karatasi inatoboka bila kuonekana. Kama ni lazima kupuliza, upepo uwe mdogo na utoke upande wa ndani kwenda nje. Ikishapulizwa mara moja au mbili, nunua nyingine. Na usiipulize kila wiki, maana filta yenye vumbi kidogo bado inafanya kazi vizuri.

Tatu, angalieni klipu za boksi. Zikivunjika, utakuta limefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Pale linapopishana ndipo vumbi linapita bila hata kuigusa filta. Chukueni kitambaa cheupe, mkifute ndani ya bomba upande wa baada ya ea klina, bila kuigusa sensa. Kitambaa kikitoka na vumbi, mmeshalipata tatizo, na ni kubwa kuliko kukosa koni.

Nne, likunjueni lile bomba la mpira linalotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini. Kwa joto na umri linapasuka kwenye mikunjo yake. Hewa inayoingia pale haijachujwa, na kama ni baada ya sensa, haijapimwa pia. Gari linatetemeka likiwa limesimama, au linazimika kwenye taa.

Tano, utafuteni ule mdomo wa mbele wa kuvutia hewa ya nje. Magari mengi yaliyogongwa na kunyooshwa, mdomo ule ulibaki gereji. Ukiwa haupo, boksi lenu la kiwandani linavuta joto la injini kama koni. Kuutafuta kwenye spea za mtumba ni nafuu kuliko seti ya bomba la alumini.

Yote hayo yakiwa safi na gari bado zito, basi ugonjwa unaweza kuwa kwingine: plagi zilizochoka, koili, pampu ya mafuta, breki zinazoshika, au masega ya ekzosi yaliyoziba. Kwa gari lenye masega yaliyoziba, kuongeza njia ya kuingizia hewa ni kama kumlisha mtu aliyefungwa choo.

Pimeni wenyewe

Bwana akisisitiza kwamba koni itapunguza mafuta, msigombane, pimeni. Njia ya Tanga na Horohoro ni maabara nzuri, kwa kuwa umbali ni ule ule kila siku na dereva ni yule yule. Jazeni tangi mpaka pampu ijikate, kituo kile kile. Baada ya wiki mbili jazeni tena na mgawanye kilomita kwa lita. Wekeni ea klina mpya ya karatasi, mrudie. Andikeni kwenye daftari, au hata kwenye simu. Kuanzia hapo mtakuwa na namba, na namba haina shemeji wala rafiki.

Angalieni mtego mmoja. Koni inaleta mlio. Boksi la kiwandani limetengenezwa likiwa na vyumba vya kumeza kelele, na ukilitoa, injini inaunguruma kila ukikanyaga. Mlio huo unamfanya dereva aone gari limekuwa jepesi. Halafu kwa kuwa unanoga, anakanyaga zaidi ili ausikie tena. Matokeo yake mafuta yanakwenda kasi kuliko mwanzo, na bado ataapa kwamba gari limepona.

Sasa dada, jibu lako

Fundi hajakudanganya kwamba injini inahitaji hewa. Amekosea kukuambia dawa kabla ya kupima ugonjwa. Kwa Altezza isiyo na tabo, inayokwenda kazini kwa lami na kuingia kwenye vumbi wikiendi, ushauri wangu ni huu: boksi la kiwandani libaki. Nunueni ea klina mpya, badilisheni bomba la mpira kama limepasuka, rudisheni klipu na mdomo wa mbele. Hela inayobaki irudi kwenye mabati.

Na wewe shemeji yetu, usione nimekuja kukuharibia. Kupenda mlio wa gari si kosa. Kuna wanaopenda viatu, kuna wanaopenda mpira, kuna wanaopenda spika kubwa sebuleni. Ila kiite kwa jina lake. Kama unanunua mlio, sema unanunua mlio, na uununue kwa hela yako ya starehe, ile ambayo mwenzio naye anayo ya kwake na humuulizi. Ukiupa mlio jina la “kupunguza mafuta” ili uchote kwenye hela ya nyumba, siku mwenzio atakapopiga hesabu ya lita, hataona koni. Ataona alidanganywa.

Lile jibu la “wewe magari huyajui” nalo lifutwe kabisa. Anayelala na akiba moja na wewe ana haki ya kuuliza maswali matatu kwa kila kitu kinachofungwa kwenye gari lenu: kinatibu ugonjwa gani uliopimwa? Tutajuaje kama kimetibu? Na kikishindikana, cha zamani kinarudi? Fundi mzuri anayajibu yote matatu bila kukasirika. Tena kwenye hilo la tatu, boksi la zamani lazima lirudi nyumbani na nyinyi, likae stoo. Siku ya kuliuza gari, mnunuzi makini atalifungua boneti kabla ya mlango.

Kwa hiyo mwambie mumeo Jumamosi hii hakuna kwenda gereji kwanza. Mwombe akushikie taa, wewe shika kitambaa cheupe. Kikitoka kisafi, mmeokoa laki nne na nusu. Kikitoka na vumbi, mmeiokoa injini.

Tukutane mwezi ujao.